Sukrosi, sukari ya miwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa kemia, wapishi wa vitafunwa, wakulima wa miwa na watu wenye kisukari. Yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini mengi yanaishia mahali pamoja: kile kifungo kimoja kinachoshikanisha glukosi na fruktosi ndani ya molekuli ya sukrosi. Ukishaelewa jibu la swali la pili, mengine yatakuwa mepesi.

## Mambo ya msingi

Sukrosi ni nini? Ni tofauti na sukari ya dukani?

Si tofauti. Sukari nyeupe unayopimiwa dukani ni sukrosi karibu tupu, zaidi ya asilimia 99. Sukari ya kahawia nayo ni sukrosi, isipokuwa fuwele zake zimebaki na utando mwembamba wa molasi (yale maji mazito meusi yanayobaki sukari ikishaganda) unaozipa rangi na harufu. Fomula yake ni C₁₂H₂₂O₁₁: atomi 12 za kaboni, 22 za haidrojeni na 11 za oksijeni. Kiwanda hakiitengenezi, kinaitenganisha tu na maji na uchafu. Aliyeitengeneza ni mmea.

Glukosi, fruktosi na sukrosi zinahusianaje?

Glukosi na fruktosi ni sukari sahili. Zote mbili zina fomula ileile, C₆H₁₂O₆, ila atomi zimepangwa tofauti. Zikiungana na kupoteza molekuli moja ya maji, inazaliwa sukrosi. Hesabu yake inapendeza kuifanya mwenyewe: chukua gramu 342 za sukrosi, ongeza gramu 18 za maji, kata kifungo, na utapata gramu 180 za glukosi na gramu 180 za fruktosi. Hakuna kilichopotea.

La muhimu ni mahali kifungo kilipofungwa. Kila sukari sahili ina kaboni moja yenye tabia ya kuchangamkia kemikali nyingine. Kwenye glukosi ni kaboni namba 1, kwenye fruktosi ni namba 2. Katika sukrosi, kaboni hizo mbili ndizo zilizounganishwa, kwa hiyo pande zote mbili zimefungwa. Maltosi na laktosi, sukari ya maziwa, nazo zimetokana na sukari sahili mbili, lakini upande mmoja umeachwa wazi. Ndiyo maana sukrosi ni tulivu kuliko hizo, na ndiyo maana inafeli kipimo cha Benedikti, kile cha kutambua sukari zilizo wazi (tazama sehemu ya maabara).

Kwa nini mmea uhangaike kutengeneza sukrosi wakati tayari una glukosi?

Kwa sababu ya safari. Jani linatengeneza chakula kwa usanisinuru, lakini mizizi, maua na matunda yako mbali na hayawezi kujitengenezea cha kutosha. Sukari lazima isafirishwe katika mirija ya mmea, na humo ndani kuna protini ambazo glukosi iliyo wazi ingeweza kuzishambulia taratibu. Sukrosi inapita bila kugusa kitu. Tena inabeba sukari mbili ndani ya molekuli moja, na seli za mwisho wa safari zinaweza kuamua wakati wa kuivunja.

Jinsi mmea unavyoijenga ilifahamika katika karne ya 20. Luis Leloir na wenzake nchini Argentina walionyesha kwamba glukosi hutangulia kupachikwa kwenye kibebeo maalumu chenye nishati, kisha ndipo inakabidhiwa kwa fruktosi. Leloir alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1970 kwa kazi hiyo ya vibebeo vya sukari.

Mbali na muwa, inapatikana wapi?

Karibu katika kila mmea wa kijani, ila kwa viwango tofauti. Maji ya muwa uliokomaa yana sukrosi kiasi cha asilimia 12 hadi 20. Utomvu wa mnazi unaogemwa pwani una sukrosi nyingi ukiwa mbichi. Mgema akichelewa kuushusha, hamira za hewani zinaivunja sukrosi na kuigeuza kileo, ndiyo maana tembo tamu la asubuhi huwa kali jioni. Nanasi, embe na ndizi mbivu zina sukrosi ya kutosha. Zabibu zina glukosi na fruktosi zaidi, sukrosi kidogo sana. Kiazi kitamu kinavutia: sehemu kubwa ya utamu unaoongezeka kinapochemshwa au kuchomwa ni maltosi, inayotokana na wanga wake kuvunjwa na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kadiri joto linavyopanda polepole.

## Shambani na kiwandani

Kwa nini muwa ukishakatwa unapaswa kufika kiwandani haraka?

Muwa uliokatwa haujafa. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho invatesi, na mmea ukishatengwa na mizizi yake kinaendelea kukata vifungo vya sukrosi. Kila kifungo kilichokatwa ni sukari ambayo kiwanda hakitaipata, maana glukosi na fruktosi hazigandi kuwa fuwele pamoja na sukrosi. Zinaishia kwenye molasi na zinazuia hata sukrosi iliyobaki isigande vizuri.

Balaa la pili ni bakteria wa jamii ya Leuconostoc. Wanaingia kupitia ncha zilizokatwa na nyufa za miwa iliyochomwa moto, wanakula sukrosi na kuacha ute uitwao dekstrani. Ute huo unafanya maji ya muwa yawe mazito, yachujike kwa shida, na fuwele zirefuke kama sindano. Ndani ya saa 24 hasara ni ndogo. Siku mbili tatu juani, ni kubwa. Mkulima wa Kilombero au wa magharibi mwa Kenya anapolalamikia foleni ya malori getini, kemia iko upande wake. Uzito unapungua kwa kukauka, na utamu unapungua kwa sababu ambayo haionekani kwa macho.

Maji ya muwa yanageukaje kuwa fuwele?

Miwa inakatwakatwa na kukamuliwa na magurudumu mazito. Maji yanayotoka ni ya kijivu, machafu, na yana asidi kidogo. Hapo ndipo chokaa inapoongezwa, na watu wengi hudhani ni ya kusafisha tu. Inasafisha kweli, kwa kukusanya uchafu utuame, lakini pia inapunguza ile asidi. Maji yenye asidi yakichemshwa yangevunja sukrosi palepale.

Baada ya kuchujwa, maji yanapunguzwa ndani ya matangi yaliyoondolewa hewa, ili yachemke kwenye joto la chini na sukari isiungue. Yakishakuwa mazito mno, hutiwa punje ndogo za sukari ambazo fuwele mpya zitajijenga juu yake. Mwisho mashine ya kuzungusha kwa kasi inatenganisha fuwele na molasi. Tani moja ya miwa hutoa takriban kilo 100 za sukari. Makapi yanachomwa kuendesha mitambo ya kiwanda chenyewe.

Sukari guru inatofautiana vipi?

Haipitii mashine ya kuzungusha. Maji ya muwa yanachemshwa kwenye karai lililo wazi hadi yagande, molasi yote ikiwa humohumo. Kwa hiyo guru ina sukrosi, ina glukosi na fruktosi zilizotokana na sukrosi kuvunjika kwenye moto, na ina madini kidogo. Kuhusu madai ya afya, nenda kwenye swali la kisukari hapo chini.

Sukari ya Ulaya ya viazisukari ni bora au duni kuliko ya miwa?

Ni molekuli ileile. Andreas Marggraf aliitoa kwenye viazisukari mjini Berlin mwaka 1747 na kuonyesha kuwa ni sawa na ya miwa. Mwanafunzi wake Franz Achard akafungua kiwanda huko Silesia mwaka 1801. Chai yako haitajua tofauti. Maabara ya kisasa, hata hivyo, inaweza kuzitofautisha. Tazama swali la asali.

## Jikoni

Kwa nini shira yangu ya kaimati inaganda chembechembe, na ndimu inasaidia nini?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu mama na mabibi wa pwani walishalitatua kabla kemia haijalieleza.

Maji ya joto la kawaida yanayeyusha sukari kiasi cha gramu 200 kwa kila mililita 100. Maji yanayochemka yanayeyusha zaidi ya mara mbili ya hapo. Unapochemsha vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji na kuendelea kuyapunguza, unatengeneza shira ambayo ikipoa inakuwa imebeba sukrosi kuliko inavyoweza kuishika. Inasubiri kisingizio tu. Punje moja iliyobaki kwenye ukingo wa sufuria ikidondoka ndani, au ukikoroga shira inapopoa, molekuli za sukrosi zinaanza kujipanga juu ya punje hiyo, na dakika chache baadaye una bakuli la mchanga mtamu.

Ndimu inaingilia kati. Asidi yake pamoja na moto inakata kifungo cha baadhi ya molekuli za sukrosi na kuziacha glukosi na fruktosi. Hizi zina maumbo tofauti, kwa hiyo zinakaa katikati ya molekuli za sukrosi na kuvuruga mpangilio ambao fuwele inauhitaji. Shira inabaki laini, inang'aa, inateleza juu ya kaimati. Vilevile inakuwa tamu kidogo zaidi, kwani fruktosi ina utamu kuliko sukrosi.

Cha kufanya: tia ndimu mapema, shira ikiwa bado inachemka, si baada ya kuepua, maana bila moto asidi inafanya kazi polepole mno. Vijiko viwili vya chai vya maji ya ndimu vinatosha sufuria ya nyumbani. Pangusa kingo kwa kitambaa kibichi. Ikishachemka, acha kuikoroga.

Kwa visheti, fanya kinyume chake. Huko unataka sukari igande iwe nyeupe juu ya kila kisheti, kwa hiyo ndimu iache, na shira ikishakuwa nzito ugeuzegeuze visheti ndani yake mpaka ikauke. Kule kugeuza ndiko kunakoziamsha fuwele.

Karameli ni sukari iliyoungua?

Si kuungua kwa maana ya kuwa majivu. Sukrosi kavu ikifika kama nyuzijoto 160 hadi 186 za Selsiasi inaanza kuyeyuka na kuvunjika kwa wakati mmoja. Vipande vyake vinapoteza maji, vinaungana upya, na kuzaa mamia ya kemikali mpya zenye rangi ya kahawia, harufu na uchungu. Ukiendelea mpaka iwe nyeusi, imebaki kaboni zaidi. Rangi ya ukoko wa mkate na ya mahamri ni jambo jingine: ile ni sukari zilizo wazi kukutana na protini za unga kwenye joto, na inaanza kwenye joto la chini zaidi.

Mbona jamu na matunda yaliyotiwa sukari hayaozi?

Sukari nyingi inayashika maji kiasi kwamba bakteria na ukungu hawapati ya kutumia, tena inawanyonya maji yao wenyewe. Shira nyepesi haina kinga hiyo, ile huchacha.

Sukari yangu imeshikana madonge. Imeharibika?

Hapana. Hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja ina unyevu mwingi. Punje zinalowa juu, kisha zikikauka zinagandana. Iponde na uihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri. Kama imepata harufu au wadudu, hiyo ni habari nyingine.

## Mwilini

Nini kinatokea nikimeza sukrosi?

Karibu hakuna kinachotokea mpaka ifike utumbo mwembamba. Hapo, kwenye ukuta wa utumbo, kimeng'enya cha sukrasi kinakata kifungo, na glukosi na fruktosi zinaingia mwilini kila moja kwa njia yake. Glukosi inakwenda kwenye damu na kupandisha sukari inayopimwa kidoleni. Fruktosi sehemu kubwa inashughulikiwa na ini. Kila gramu ya sukrosi inatoa kilokalori 4. Wako watu wachache wanaozaliwa bila sukrasi ya kutosha. Kwao sukari huleta gesi na kuhara. Wengine, wachache zaidi, miili yao haiwezi kabisa fruktosi, na kwa mtoto wa namna hiyo hata sukari ya kawaida ni hatari. Mtoto anayetapika na kudhoofika kila akipewa vitu vitamu apelekwe kwa daktari.

Nina kisukari. Je, sukari guru, sukari ya kahawia au asali ni salama kwangu?

Nasema hili waziwazi kwa sababu watu wanaumia: hapana, si salama zaidi. Guru sehemu yake kubwa ni sukrosi, na ikifika utumboni inakatwa sawasawa na ile nyeupe. Sukari ya kahawia ni hivyohivyo. Asali ni glukosi na fruktosi ambazo zimeshakatwa tayari. Madini yaliyomo kwenye guru yapo kweli, lakini ili yakufae ungelazimika kula sukari nyingi kuliko faida yake. Zihesabu zote kama sukari na mfuate mtaalamu wako. Hata kwa asiye na kisukari, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari za kuongezwa, pamoja na za asali na juisi, zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana zishuke chini ya asilimia 5.

Kwa nini sukari inaozesha meno kuliko wanga?

Bakteria wa mdomoni aitwaye Streptococcus mutans anakitumia kile kifungo. Nishati iliyofungwa humo anaitumia kuunganisha glukosi kuwa gundi inayomshikilia kwenye jino. Kisha anachachusha sukari iliyobaki na kutoa asidi palepale alipojibanza. Kinachoumiza zaidi ni kulamba mara kwa mara: chai moja yenye sukari ina nafuu kuliko pipi za kutwa nzima.

Kwa nini maji ya chumvi na sukari yanamsaidia anayeharisha?

Glukosi ikipita kwenye ukuta wa utumbo inavuta sodiamu ya chumvi pamoja nayo, na maji yanafuata. Sukari ya kawaida inafaa kwa kuwa sukrasi inaitoa hiyo glukosi. Kama huna pakiti ya ORS: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe, sukari nyingi inavutia maji utumboni na kuzidisha kuhara. Pakiti ni bora, na mtoto anayelegea au asiyekojoa apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

## Maabara

Kwa nini sukari inafeli kipimo cha Benedikti, na kwa nini inafaulu baada ya kuchemshwa na asidi?

Myeyuko wa Benedikti ni wa buluu kwa sababu ya ioni za shaba. Sukari yenye upande ulio wazi inazipa ioni hizo elektroni, na mashapo yanapitia kijani, njano, rangi ya chungwa, hadi nyekundu ya tofali. Sukrosi imefungwa pande zote, kwa hiyo buluu inabaki buluu.

Chemsha myeyuko wa sukari na asidi hidrokloriki hafifu kwa dakika chache, na kifungo kinakatika. Sasa ipoze, kisha tia unga wa sodiamu baikaboneti kidogokidogo mpaka povu likome. Hatua hii ndiyo wanafunzi wanaoiruka kwenye mtihani, na wanapoteza alama: Benedikti haifanyi kazi kwenye asidi. Baada ya hapo tia Benedikti, chemsha, na nyekundu itakuja. Fanya pia kipimo cha kwanza kwenye sampuli ambayo haijaguswa, la sivyo huwezi kudai kuwa sukari uliyoipata ilitokana na sukrosi.

Nimesikia sukrosi inapindisha mwanga. Ni kweli?

Mwanga uliochujwa ukabaki unatikisika kwenye ubapa mmoja, ukipita ndani ya maji ya sukari, ubapa huo unazungushwa upande wa kulia. Sukrosi ikivunjwa, mchanganyiko wa glukosi na fruktosi unazungusha kushoto, kwa kuwa fruktosi ina nguvu kubwa ya upande huo. Kwa hiyo unaweza kutazama kifungo kikikatika bila kuchukua hata tone. Leonor Michaelis na Maud Menten walifanya hivyo mjini Berlin mwaka 1913 wakitumia invatesi ya hamira, na mlinganyo wao wa kasi ya vimeng'enya unafundishwa mpaka leo duniani kote.

Sukari ikitiwa asidi salfuriki kali inakuwaje nyeusi?

Asidi inaichopoa haidrojeni na oksijeni kwa uwiano wa maji na kuacha kaboni, inayopanda kama nguzo nyeusi yenye mvuke. Ni onyesho la mwalimu, si la wanafunzi wenyewe: lina joto kali na moshi unaokera mapafu.

## Maswali ya pembeni

Sukari iliyoyeyuka kwenye maji safi itavunjika yenyewe baada ya muda gani?

Kwenye maji yasiyo na asidi wala vijidudu, kwa nyuzijoto 25, nusu ya sukrosi ingechukua zaidi ya miaka 400 kuvunjika. Invatesi inafanya kazi hiyohiyo mbele ya macho yako.

Binadamu ameweza kuitengeneza bila mmea?

Ndiyo. Raymond Lemieux na George Huber waliunganisha sukrosi kwa njia ya kemia nchini Kanada mwaka 1953. Kwa biashara haina maana. Shamba ni rahisi mno.

Sukari ikitiwa kwenye tangi la petroli inaua injini?

Haiyeyuki kwenye petroli. Inatuama chini, na inaweza kuziba chujio. Usiwashe gari, tangi lisafishwe.

Vumbi la sukari linaweza kulipuka?

Linaweza. Vumbi laini lililotanda hewani likipata cheche huwaka lote kwa mara moja. Mlipuko wa kiwanda cha sukari huko Port Wentworth, Marekani, Februari 2008 uliua watu 14. Anayefanya kazi kwenye kusaga au kufungasha sukari asiache vumbi lirundikane juu ya mihimili na mabomba.

Nitajuaje kama asali imechanganywa na sukari?

Kuganda si dalili. Asali safi ya Tabora au ya kwingineko huganda kwa sababu glukosi yake inajitenga na kuwa fuwele. Kuchovya njiti ya kiberiti au kudondosha asali kwenye maji kunapima unyevu na uzito wake tu, na shira iliyokolea inafaulu pia.

Maabara inaanza kwa kupima sukrosi, kwani nyuki wameshaikata karibu yote. Kiwango cha kimataifa kwa asali nyingi ni kisizidi asilimia 5. Mchakachuaji anayejua kazi yake huivunja sukari kwanza ili ipite hapo. Kwa huyo kuna kipimo cha pili. Muwa na mahindi ni nyasi zinazonasa kaboni kwa njia tofauti na miti mingi ambayo nyuki huitembelea, na sukari yake hubeba kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo, kwa kiwango cha juu kidogo. Alama hiyo haifutiki hata kifungo kikikatwa. Sukari ya viazisukari haina alama hiyo, kwa hiyo anayenunua asali kwa wingi aombe vipimo zaidi ya kimoja.